Ukuta Unaotoka Jasho

Mwalimu mkuu alinipigia simu mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya nyumbani, nikamuuliza hali ya shule, kisha akakohoa kidogo. "Dada," akasema, "kasa wako anamenyeka."

Nikadhani utani. Kasa yule nilikuwa nimemchora kwa siku kumi na moja kwenye ukuta wa madarasa, upande unaotazama bahari, huku pwani ya kusini mwa Mombasa. Mita nne kutoka kichwa hadi mkia. Ganda nililipanga kigae baada ya kigae, kahawia juu ya manjano, na maji ya kumzunguka nikayapa buluu tatu. Siku niliyomaliza nilimpiga picha nyingi kuliko zile za harusi yangu. Ilikuwa haijatimia hata miezi minane.

Nilipofika nikakuta tumbo limetoka malengelenge, mfano wa mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto. Watoto walikuwa wameshagundua raha yake: ukibonyeza lengelenge linapasuka, halafu unga mweupe unamwagika. Msichana mmoja wa darasa la pili alikuwa na vipande vya ganda ndani ya mkebe wake wa penseli, amevipanga kwa rangi, kahawia upande huu, manjano upande ule. Alinionyesha kwa fahari. Kilichobaki ukutani hakikuwa kizuri kuliko mkebe ule, na nilikiona hivyo hapo hapo.

Nilianza kutafuta wa kumlaumu, kama kawaida ya fundi yeyote. Rangi nilinunua ile ya bei ya juu, ambayo muuzaji huapa kuwa itadumu miaka kumi. Ukuta niliuparuza kwa brashi ya waya. Praima nilipaka. Mwisho nikaukwangua ule unga kwa ukucha, nikautia ulimini. Chumvi. Chumvi kabisa, ya kutia mchuzini.

Labda niseme nimefikaje kwenye kuta. Sikusomea sanaa popote. Nilianza nikiwa msichana wa kushika makopo kwa fundi aliyekuwa akichora matatu: majina ya wanamuziki, simba, moto unaotoka kwenye magurudumu, na maneno ya kumchokoza aliye nyuma. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2004, kila matatu ikatakiwa kujifunga mstari wa manjano, na ile michoro ya ubavuni ikakosa wateja. Fundi wangu akahamia kwenye mabango ya maduka, nami nikamfuata. Ng'ombe wangu wa kwanza, kwenye ukuta wa bucha, alikuwa na magoti ya nyuma yanayokunjika kama ya binadamu. Mwenye bucha hakulalamika. Alisema wateja wanakuja kumcheka ng'ombe, wanaondoka na nusu kilo.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa karakana. Mtu wa karakana kazi ikimharibikia, hutafuta aliyemtangulia. Nikaenda Kibokoni kwa mzee mmoja ambaye ujana wake wote uliishia kwenye kukarabati nyumba za Mji wa Kale. Sisi wote humwita Ami. Nilimkuta barazani na kahawa yake. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaisogeza karibu na jicho lake zima, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwanangu," akasema, "ukuta hupumua. Wewe umeuziba pua, halafu washangaa ukipiga chafya?"

Akanieleza, na tangu siku hiyo nimeyaona kwa macho yangu mara nyingi mno. Ukuta uliosimama kwenye ardhi ya pwani, tena bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hunywa maji ya chini. Maji hupanda ndani yake kama chai inavyopanda kwenye mkate ukiuchovya ncha tu. Yakifika usoni hutaka kutoka. Jua likipiga yanageuka mvuke na kwenda zake, chumvi inabaki. Uso wa ukuta ukiwa wazi, chumvi hubaki nje kama unga, na ufagio unamaliza kazi. Lakini mimi nilikuwa nimeuvisha ukuta rangi ya plastiki tabaka tatu, bila hata tundu la sindano. Chumvi ikaganda nyuma ya rangi, na chembe zake zikiganda hukua, zikikua husukuma. Kilichokuwa mbele yake ni kasa, basi ikamsukuma kasa.

Nyumba za zamani, Ami akasema, hazikuwa na vita hivyo. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, yakazimwa kwa maji hadi yakatokota. Ikipakwa ukutani inavuta hewa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Nilimwomba arudie hapo. Inatoka baharini ikiwa jiwe, inapita motoni, inakuwa uji, kisha inarudi kuwa jiwe ukutani. Na jiwe hilo lina vinyweleo. Hata upana wa vyumba vile mtu hakuuchagua kwa kupenda: ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, upana usiofika mita tatu. Nimezaliwa ndani ya chumba cha aina hiyo na sikuwahi kujua kuwa nililala chini ya kipimo cha mti.

Nilishukuru, nikaondoka, na kusema kweli sikufanya lolote. Shuleni nilirudi kumpaka kasa viraka. Aliharibika tena.

Kilichonigeuza ni jani. Kikundi cha vijana wanaopanda mikoko upande wa Mikindani, kwenye mkono wa bahari wa Tudor, kilitaka mchoro kwenye ukuta wa mtaa mmoja huku mjini, watu wapate kuiona mikoko ambayo wengi wetu huipita juu ya daraja bila kugeuza shingo. Nikasema kabla sijachora nataka kwenda kutazama. Wakanitafutia mwenye mtumbwi, tukatoka asubuhi maji yakianza kupwa.

Mimi mikoko nilikuwa nikiichora kwa mazoea: mti wa kijani, miguu ya buibui, matope meusi. Kufika pale nikakuta si mti mmoja. Kenya ina aina tisa za mikoko, na wenyeji wana jina kwa kila moja ya maana: mkoko wenyewe, ule wa miguu mirefu iliyopinda, mkandaa, ambao magome yake watu walitolea rangi nyekundu ya hudhurungi tangu zamani, mchu, mlilana, mkomafi. Kijani nilichokizoea hakikuwepo. Jani la mchu juu ni kijani kilichochoka, na chini ni kijivu cha fedha, hivi kwamba upepo ukipita msitu mzima unabadilika rangi kama samaki anapogeuka. Matope nayo si meusi. Yana urujuani jua likiwa chini, na pale maji yalipotoka dakika hiyo yanang'aa rangi ya mbingu.

Mwenye mtumbwi akachuma jani la mchu, akanipa. "Lamba."

Nikalamba. Chumvi ile ile ya tumbo la kasa.

Akanionyesha juu ya jani, kwenye mwanga wa kando: chembe ndogo ndogo, kama sukari iliyobaki kwenye sahani. Mchu hunywa maji ya bahari, akasema, halafu hutoka jasho. Chumvi inatokea kwenye majani, inakauka, upepo na mvua vinaiondoa. Mkoko haufanyi hivyo. Mkoko huizuia chumvi mlangoni, kwenye mizizi, na sehemu kubwa ya chumvi haiingii kabisa. Mti huu unakataa, mti ule unapokea na kutoa. Yote miwili iko hai, imesimama kwenye matope yale yale, umbali wa kurusha jiwe.

Nilikaa kimya kwenye mtumbwi kwa muda. Mwenzangu alidhani naumwa na jua. Nilikuwa nafikiri habari ya ukuta wa shule. Nilichokuwa nimejaribu ni njia ya mkoko, kuizuia chumvi, lakini nikaizuia mlango wa kutokea badala ya mlango wa kuingilia. Kuivunja misingi ya shule ili kuweka kizuizi sikuweza, wala hakuna mtu angelipia. Ilibaki njia ya mchu: kuacha ukuta utoke jasho, na kuchora kitu kinachokubali jasho hilo.

Nikaanza kusoma na kutembea. Nilirudi Fort Jesus, ambako kila mtoto wa Mombasa hupelekwa na shule akaona mizinga na njaa ikamshika. Mara hii sikutazama mizinga. Ngome ile Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, na kuna michoro waliyoiacha walinzi wao kwenye plasta, meli na mambo mengine, kwa makaa meusi na udongo mwekundu. Imedumu karibu karne nne kwenye plasta ya chokaa, bila rangi ya plastiki kuifunika kama ngozi ya maziwa. Ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyewatuma. Walikuwa wanalinda, wamechoka, mbali na kwao, wanatazama bahari siku nzima, na mikono ikachora kilichokuwa mbele ya macho. Gedi nako, kwenye magofu, kuna vyombo vilivyokwaruzwa kwenye plasta na watu wa pwani wenyewe. Kwa hiyo ukiona kijana amechora jahazi kwa mkaa kwenye ukuta wa choo cha umma, kabla hujatukana, kumbuka ana ukoo mrefu.

Wa kwetu wa zama hizi ninayemrudia ni Elimo Njau. Mwaka 1959 alichora picha tano za maisha ya Yesu ndani ya kanisa la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo, na akaziweka katika nchi ile ile iliyo nje ya dirisha, kwa watu wa pale pale. Mimi si Mkristo, na picha zile nimezitazama kama mchoraji tu. Lakini vilima vile naviona vimefanya kazi kubwa kuliko nyuso. Fikiria mwaka wenyewe, ardhi ile imetoka tu kumwagikiwa damu ya vita vya Mau Mau, halafu mtu anakuja anaichora mahali pa ibada. Kuchora mlima wa watu kwenye ukuta wao ni neno zito.

Basi, ukuta wa mtaa. Nilipeleka kielelezo changu kwa wazee: mikoko, kaa mwenye gando moja kubwa, yangeyange wawili, na kasa (sikuwa nimemaliza naye). Ukuta wenyewe unatazamana na msikiti. Imamu akakitazama kwa adabu, akasema kazi nzuri, mwanangu, lakini tunaomba pasiwe na viumbe wenye roho. Watu wakitoka swalani wasikutane na sura.

Nilinuna. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimekatwa mikono. Akaniuliza mlango wetu una nini. Mlango wetu, wa urithi, una minyororo, mawaridi na mitende, hauna hata panya. Zidaka za Lamu na Pate, zile plasta zilizochongwa ambazo wageni hutoka mbali kuja kuziona, ni majani na mistari. Mafundi wale waliishi ndani ya sharti hilo kwa mamia ya miaka na sikumbuki kusikia walinuna.

Nikarudi Mikindani, safari hii kutazama wanyama kwa kutowatazama. Kaa wakikusikia wanaingia mashimoni, na wakishaingia, ndipo kazi yao inapoonekana: mashimo yaliyopangika, na kuzunguka kila shimo vidonge vya matope, vidogo kama dengu, vimetawanywa kama mtu aliyekuwa akihesabu akaghafilika. Yangeyange akiruka anaacha nyayo za vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na pale alipodona kuna kitobo kilichojaa maji. Vichipukizi vya mkoko, ambavyo huota vikiwa bado vimening'inia kwa mama yao na kudondoka kama mishale, vingine vimesimama wima, vingine vimelala vikisubiri maji. Nilichora kurasa arobaini za alama za watu wasiokuwepo. Katika maisha yangu sijawahi kuwa karibu na kaa kiasi hicho.

Rangi nilizitengeneza mwenyewe. Chokaa ya mifuko niliiloweka wiki tatu kwenye pipa, nikaichuja kwa kitambaa cha leso kuukuu, nikaizimua hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Humo ndimo nilimotia udongo mwekundu, udongo wa manjano, masizi kwa weusi, na kijani cha oksaidi. Rangi haitakiwi kuzidi, ikizidi chokaa haiishiki, inabaki mkononi mwa mpita njia. Baadhi ya buluu za dukani chokaa huzila, zinapauka, kwa hiyo mbingu yangu nililazimika kuipata kwa kijivu kilichowekwa kando ya manjano, na jicho la mtu likamalizia. Na jambo la kutia wazimu: ikiwa mbichi huioni. Ukuta unaulowesha kwanza, unapaka, unaona kivuli tu. Kesho yake ndiyo rangi inatokea, nyeupe zaidi kuliko ulivyodhani. Wiki ya kwanza nilikuwa nachora kwa imani. Mikono ilinichubuka, na siku moja tone liliniingia jichoni nikaoshwa kwa ndoo nzima ya maji na mama muuza mahamri, ambaye kuanzia siku hiyo alijiona ana hisa kwenye mchoro.

Kila mtu alikuwa na hisa. Hicho ndicho kitu ambacho chumba cha maonyesho hakiwezi kukupa. Uko juu ya jukwaa, umejifunga leso kiunoni, na chini yako mji unapita ukisahihisha. Mtoto anasema matope yana rangi ya chokoleti. Dereva wa tuktuk anataka namba yake ya simu iandikwe kwenye mzizi. Kampuni moja ilituma kijana aliyevaa tai kuniambia wangelipia ukuta mzima kama nembo yao ingekuwa jua. Nikamwambia pale ni alasiri, jua liko nyuma ya mtazamaji.

Lakini aliyenisimamisha kweli ni mvuvi mmoja mzee. Alikaa kwenye ngazi ya msikiti siku mbili bila neno. Siku ya tatu akasema:

"Bibi, hapo ni bamvua au maji mafu?"

Sikuwa na jibu. Bamvua ni siku za maji makubwa, maji mafu ni siku za maji madogo.

"Maji yako hayajijui kama yanajaa au yanapwa," akasema. "Matope ya huku yamekauka, ya kule yamelowa, na mstari wa chaza kwenye miguu ya mkoko umeupandisha mpaka mapajani. Chaza hakai pale maji yasipomfikia."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Miguu ya mkoko ina chaza hadi kiwango fulani, halafu wanakoma, kana kwamba mtu amepiga kamba ya chaki. Nilikuwa nimewachora kwa urembo. Nilifuta mita sita za kazi, kazi ya siku nne, tukakaa naye kwenye ngazi tukaamua: siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, maji yanajaa, saa nane mchana, kusi inaanza kulegea. Baada ya hapo kila kitu kikajipanga. Kiasi cha unyevu kwenye kila shimo, upande ambao vichipukizi vimelalia, majani ya mchu yamegeuka upande wa fedha kwa sababu ya upepo. Watu wanaopita hawajui hayo yote. Wavuvi wanajua. Nimewaona wakisimama, wakiutazama ukuta, kisha wakitazama saa.

Ukuta ule sasa una miaka mitatu. Chumvi inatoka, si kwamba imekoma. Kila baada ya masika inaota chini, vijana wa kikundi wanaifagia, tunaloweka chokaa, tunapita upya sehemu zilizopauka. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo na nyumba yake kila mwaka kabla ya Idi, ndoo na brashi ya mnazi, na hakuna aliyemwita msanii. Mchoro umebadilika mkononi mwao. Kuna mashimo ya kaa ambayo mimi sikuyaweka. Mengine ni mabaya. Nimeyaacha.

Shuleni pia nilirudi, kwa gharama yangu, nikakwangua kila kipande cha rangi ya plastiki hadi plasta. Mwalimu mkuu alitaka kasa yule yule, na shuleni hakuna aliyekataza, kwa hiyo nilimchora, kwa chokaa, mdogo zaidi, anapanda kutoka majini kuja mchangani kutaga usiku. Nusu ya chini ya ukuta ni ufuko mtupu.

Mwezi uliopita simu ikaja tena. Tukasalimiana, nyumbani, shule, kisha kikohozi kile kile, moyo ukanidunda.

"Dada, hapa amekuja mgeni, naye ni mchoraji. Anauliza lile povu la mawimbi pale chini, lile jeupe linalometameta, umetumia rangi gani?"

Pale chini sikuwa nimechora povu.

"Mwambie ainame," nikasema, "alambe."